Vyo, po na ki kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "as soon as", "as long as" na wenzao

Ukurasa huu umetokana na madaftari. Ninafundisha Kiingereza jioni, watu wazima, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Wanaokuja ni makarani wa mizigo bandarini, waongozaji watalii wa Mji wa Kale, wafanyakazi wa mapokezi hotelini, madereva wa tuktuk, na mama mmoja muuza mahamri wa Majengo anayetaka kuwaandikia wajukuu wake walioko ng'ambo. Nikisahihisha madaftari yao naona makosa yaleyale, na hayatokani na uvivu. Yanatokana na Kiswahili chao kizuri. Ndiyo maana nimeyajibu haya kwa Kiswahili, kwa kuanzia pale tunapoanzia sisi.

Mwalimu, "-po-" kwa Kiingereza ni neno gani?

Hakuna neno moja, na ukilitafuta utachoka bure. Sisi tuna silabi tatu ndogo tunazozificha ndani ya kitenzi. "Vyo" hupima: nijuavyo, upendavyo, iwezekanavyo. "Po" huweka wakati: alipofika, anapofika, atakapofika. "Ki" huweka sharti, na mara nyingi wakati pia: akifika, ukilipa. Kitenzi cha Kiswahili ni kama nyumba ya vyumba vingi, kila silabi ina chumba chake.

Kitenzi cha Kiingereza hakina vyumba hivyo. Kazi hiyo hufanywa na maneno yanayosimama mlangoni, mwanzo wa kishazi, yaani kipande cha sentensi chenye kitenzi chake. "Alipofika" inakuwa "when he arrived". "Nijuavyo mimi" inakuwa "as far as I know". Baadhi ya walinda mlango hao ni neno moja tu: when, if, than, until. Wengine ni kundi la maneno mawili matatu yaliyoshikana mpaka yakawa kitu kimoja: as soon as, as long as, as if, even if, by the time. Makundi hayo usiyafasiri neno kwa neno. Chukua kundi zima, kisha uliza: hapa Kiswahili kingetia "vyo", "po" au "ki"?

Mbona "as" iko kila mahali? Mara kulinganisha, mara wakati, mara sharti.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukilielewa hili mengine yanafunguka yenyewe.

"As" na "also" ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na neno "eallswa", maana yake "vilevile kabisa". Likakatwakatwa midomoni, upande mmoja likabaki "also", upande wa pili likapungua mpaka likawa herufi mbili tu, "as". Kwa hiyo ukisema "as long as", as ya kwanza inasema "kiasi kilekile" na ya pili inasema "kama". Ni ulinganisho. Unapima kitu kwa kitu kingine.

Sasa pima urefu wa kamba: "This rope is as long as that one." Pima muda: "Stay as long as you like", kaa muda upendao. Kisha muda ukageuka sharti: "You can stay as long as you pay the rent", kaa, maadamu unalipa kodi. Hatua tatu, maneno yaleyale.

Na usidhani ni maajabu ya Kiingereza peke yake. "Maadamu" yetu imetoka kwenye Kiarabu, "ma dama", yaani "muda wote inapodumu". Leo tunaitumia kwa sharti na kwa sababu: "maadamu umekuja, kaa ule." Nayo "po" kabla ya kuwa ya wakati ni ya mahali: "hapo alipo" ni mahali aliko, "alipofika" ni wakati aliofika. Lugha nyingi hufanya hivi. Huanza na kinachopimika kwa mkono, mahali na urefu, kisha husonga mpaka kwenye wakati na sharti, ambavyo havishikiki.

"Ukifika, nipigie." Ni "if you arrive" au "when you arrive"?

Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe. Kabla sijawa mwalimu nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa ametangulia, na mama yake mzee alikuwa angani anakuja kumfuata. Nikaambiwa nimwandikie ujumbe kwamba gari litampokea mama, na akifika tutamjulisha. Nikaandika kwa moyo mkunjufu: "If your mother arrives, we will call you."

Baada ya dakika chache alishuka mwenyewe, simu mkononi, uso umembadilika. Aliniuliza kuna habari gani ya ndege. Nilichokuwa nimemwandikia, kwa masikio yake, ni: iwapo mama yako atafika. Kwamba huenda asifike. Mimi kichwani nilikuwa na "mama akifika", maneno ya kawaida kabisa, yasiyo na shaka hata chembe. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo sijaiandika "if" bila kuitazama mara mbili.

Tatizo ni hili: "ki" yetu inabeba mawili. "Jua likizama tutafuturu": hakuna anayetilia shaka kuwa jua litazama, basi ni "when the sun sets". "Mvua ikinyesha hatutacheza": huenda ikanyesha, huenda isinyeshe, basi ni "if it rains". Kiswahili kinamwachia msikilizaji ajue. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

Jaribio langu ni rahisi. Chukua sentensi yako yenye "ki" uibadilishe kwa njia mbili. Kwanza tia "-takapo-": "mama atakapofika". Kisha tia "iwapo": "iwapo mama atafika". Ile inayobeba ulichokusudia ndiyo inayokupa jibu. Ikiwa ni "-takapo-", andika when. Ikiwa ni "iwapo" au "endapo", andika if. Kwa mgeni aliye njiani, kwa mzigo ulioko melini, kwa mtoto anayezaliwa mwezi ujao, karibu kila mara jibu ni when.

Kuna "ki" ya tatu ambayo haihusiki hapa: "nilimwona akivuka" ni "I saw him crossing". Hapo hakuna when wala if.

Kwa nini "when he will come" ni kosa? Si wakati ujao?

Ni wakati ujao kweli, na Kiswahili kinausema waziwazi: "ata-ka-po-kuja". Kuna "ta" pale. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anayeandika "When the ship will arrive, we will inspect the container" amefasiri kwa uaminifu. Ila Kiingereza hakitaki will iingie katika kishazi cha wakati wala cha sharti. Hutaja wakati ujao mara moja tu, katika kishazi kikuu, na upande wa pili huweka njeo (umbo la wakati la kitenzi) ya sasa: "When the ship arrives, we will inspect the container." Ndivyo ilivyo pia kwa if, as soon as, as long as, before, after, until, unless, by the time na once.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza inawakwaza hata walimu. "I don't know when he will come" ni sahihi. Mbona hapa will imeruhusiwa? Kwa sababu hii si "po", ni "lini": sijui atakuja lini. Ni swali lililomezwa ndani ya sentensi. Kwa hiyo jiulize: kwa Kiswahili ningesema "atakapokuja" au "atakuja lini"? Kwa "lini", will inakaa. If nayo ni hivyohivyo. "Sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come", kwa kuwa hapo if si sharti, ni kuuliza.

Ya pili ni ya adabu. Waongozaji wa Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, huwasikia wenye lugha wakisema "If you will follow me" na wanarudi darasani kunishtaki kwamba niliwadanganya. Sikuwadanganya. Will hiyo haisemi kesho, inasema hiari: "tafadhali mkiridhia, nifuateni."

"As soon as" ni tofauti na "when"?

Ni "po" yenye haraka. "Mara tu alipofika", "alipofika tu". When inaweka mambo mawili wakati mmoja kwa ulegevu. As soon as inasema hakuna nafasi kati yake. Mtu anayevuka kwa feri ya Likoni ataelewa: "When the ferry docks, people get off" ni maelezo ya kawaida. "As soon as the ferry docks, people get off" ni picha ya asubuhi ya Jumatatu, chuma kinagusa saruji na miguu tayari iko nje.

Wengi huuliza kama "soon" si "baadaye kidogo", basi haraka imetoka wapi. Zamani soon ilikuwa na maana ya "papo hapo". Imelegea kwa miaka mingi, kama maneno mengi ya haraka yanavyolegea. Angalia "sasa hivi" ya fundi. Lakini ndani ya "as soon as" ile nguvu ya kale imebaki.

"As soon as possible" ni "mapema iwezekanavyo", neno kwa neno, na "vyo" yetu hiyo hapo. Angalia tu unamwandikia nani. Kile kifupisho chake cha herufi nne kubwa, ASAP, ukimwandikia mkubwa wako au mteja kinasikika kama amri. Andika maneno yote, au andika siku unayotaka jibu.

Nikisema "as long as", msomaji atajua nina maana ipi?

Mara nyingi ndiyo, ila kwenye mikataba msikubali "mara nyingi". Mpangaji mmoja aliniletea karatasi yenye maneno "The tenant may use the store as long as the owner is abroad." Yeye alielewa: muda wote mwenye nyumba akiwa ng'ambo. Wakili aliyeandika huenda alikusudia hivyo, huenda alikusudia sharti: ilimradi mwenye nyumba yuko ng'ambo. Kwa hapo tofauti ni ndogo, lakini kwenye pesa inaweza kuwa kubwa. Ukikusudia sharti, andika "provided that" au "on condition that". Ukikusudia muda, andika "for as long as". Hilo "for" dogo linamaliza ubishi.

Na mjue kuwa "ilimradi" au "mradi" ndiyo tafsiri bora ya as long as ya sharti. "Utapata, mradi uje mapema": "You will get it, as long as you come early." Si "will come". Tumeshayazungumza.

Niseme "I walked until Likoni"?

Hapana, na kosa hili nalisikia kila wiki. "Mpaka" yetu haijali kama kinachoishia ni safari au saa. Nilitembea mpaka Likoni, nilisubiri mpaka saa nne. Kiingereza kimegawa kazi. Until ni ya wakati peke yake: "I waited until ten." Kwa mahali tumia as far as: "I walked as far as Likoni." Kipimo tena: umbali sawa na ule wa kufika Likoni.

Kutoka kwenye umbali wa miguu, as far as imesogea hadi umbali wa akili. "As far as I know" ni mpaka pale ujuzi wangu unapofika, "nijuavyo mimi". "As far as I can see" ni kwa macho au kwa maoni, yote mawili. "As far as the price is concerned" ni "kwa upande wa bei", na hiyo usiikate katikati. Wengi huandika "As far as the price, we agree" na kuacha "is concerned". Watu husema hivyo kwa mdomo, lakini kwenye barua inaonekana kama mlango usio na bawaba.

Tofautisha na "so far", ambayo ni "mpaka sasa". "So far, three containers have been released."

Tukiwa bado kwenye "mpaka": "nitamaliza mpaka Ijumaa" si "until Friday". Until inasema utaendelea kufanya kazi mfululizo hadi siku hiyo. Ukikusudia haitapita Ijumaa, ni "by Friday".

Mimi ni mwongozaji watalii. Nitazisemaje tarehe zisikike vizuri?

Hapa kuna hazina. Watalii hawakumbuki orodha ya miaka, wanakumbuka mwaka ulioshangaza. Kiingereza kina makundi ya kushangaza nayo: as early as, as late as, as recently as, as many as.

Mfano. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Wareno. Sema: "Travellers were writing about this town as early as the fourteenth century." Usifasiri kuwa "mapema kama". Kwa Kiswahili tungesema "tayari tangu karne ya 14". Ukuta wa Fort Jesus unaouonyesha ulianza kujengwa mwaka 1593, na watu wengi hawajui kwamba Waingereza waliufanya jela. Sema: "It was still a prison as late as the 1950s." Yaani "hata miaka ya 1950 bado ilikuwa jela". Kilichomo ndani ya "as late as" ni ile "hata" na ile "bado", zote pamoja.

Kisha "by the time", ambayo kishazi kikuu chake hupenda njeo ya nyuma zaidi. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakaingia Desemba 1698. "By the time the Omanis entered the fort, the siege had lasted almost three years." Kwa Kiswahili: "walipoingia, mazingiwa yalikuwa yameshadumu karibu miaka mitatu." Ile "yalikuwa yame-sha-" ndiyo "had lasted". Mkiitambua hiyo, hamtakosea tena, maana Kiswahili kinaifanya kwa utaratibu uleule.

"Kabla hajafika": kwa nini "before he has not arrived" imekatwa kwa kalamu nyekundu?

Kwa sababu Kiswahili na Kiingereza vimesimama pande mbili za mlango mmoja. Sisi tunaitazama saa ile tukiwa upande wa huku: wakati huo yeye bado, hajafika. Ukanushi wetu una akili kabisa. Mwingereza anakitazama kitendo chenyewe, kufika, na kusema jambo letu liko mbele yake: "before he arrives", "before he arrived". Neno before limeshabeba ile "bado", halihitaji not.

Msiione "kabla hajafika" kuwa kasoro ya kuondolewa. Ni namna nzuri sana ya kuona wakati. Iacheni tu nyumbani mnapoandika Kiingereza.

Unless inanichanganya.

Inawachanganya wengi kwa sababu ukanushi umefichwa ndani yake. Zamani ilikuwa maneno mawili, "on less", kwa maana ya "kwa lililo pungufu ya hilo". Kwetu ni "-sipo-": usipolipa, asipokuja. Basi "usipolipa" ina njia mbili tu: "if you don't pay" au "unless you pay". Ukichanganya, "unless you don't pay", umemwambia mteja kwamba akilipa ndipo atapata shida. Karani mmoja darasani kwangu aliwahi kuiandika hivyo katika ilani ya ada ya kuhifadhi mzigo, na kwa bahati nzuri aliisoma kwa sauti kabla ya kuituma.

"Ningejua nisingekuja": mbona "would" haikubaliki pande zote mbili?

Kwa sababu ileile ya will. Kiswahili hutia "nge" huku na huku, mizani inakaa sawa: ningejua, nisingekuja. Kiingereza humweka would katika kishazi kikuu peke yake: "If I had known, I would not have come." Ukisema "If I would have known", utaeleweka, na wapo wenye lugha wasemao hivyo, lakini katika mtihani na barua ya kazi litahesabiwa kosa.

Wapo wanaofundisha kwamba "-nge-" ni ya sasa na "-ngali-" ni ya zamani. Ni kanuni ya vitabuni. Mitaani kwetu "nge" hufanya kazi zote mbili, basi usiitegemee ikuchagulie njeo ya Kiingereza. Jiulize kama mambo yamekwisha kupita. Kama yamepita, ni "had".

Katika barua rasmi mtakutana na if iliyotoweka: "Had I known", "Should you need help". Kitenzi kimeruka mbele kushika nafasi ya if. "Should you need help, call this number" ni "ukihitaji msaada", kwa heshima kidogo.

"More better", "more cheaper": kosa liko wapi?

Kivumishi chetu hakibadiliki tunapolinganisha. Bei nafuu, bei nafuu kuliko ile, bei nafuu zaidi. Kwa hiyo tunasikia haja ya kuongeza neno. Kiingereza kimeshaongeza, ndani ya "-er" au ndani ya "better". Kinachofuata ni than, na than peke yake: "Kongowea is cheaper than Marikiti." Mimi naamini hivyo kwa mboga za masoko hayo mawili, ingawa wanafunzi wangu wa mjini hubisha.

Kisha kuna "kadiri... ndivyo". "Kadiri unavyochelewa ndivyo foleni inavyorefuka." Wengi hutafuta as hapa, na hapa as haimo. Ni the mara mbili: "The later you come, the longer the queue gets." The hii si ile ya "the boy". Ni mabaki ya neno la kale lililomaanisha "kwa kiasi hicho", yaani kazi ileile ya "ndivyo" yetu.

"As a captain" au "like a captain"?

Lawama ni za "kama". Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, tumelipa kazi nyingi mno: kufanana, sharti, na kuuliza. "Anafanya kazi kama nahodha" kwa Kiswahili ina maana mbili. Kiingereza hakikubali utata huo. "He works as a captain": ndiye nahodha, ana cheti, anapokea mshahara wa nahodha. "He works like a captain": si nahodha, ila namna anavyoamrisha wenzake ungedhani ndiye. Katika barua ya kuomba kazi usiandike "I worked like a receptionist". Nimeiona kwa macho yangu, na kijana aliyeiandika alikuwa na miaka minne ya kazi halali.

Ikiwa "kama" ni "kana kwamba", tumia as if au as though: "He talks as if he owned the dhow." Owned iko nyuma kwa makusudi, ionyeshe kuwa si kweli. Chombo si chake.

"Naishi Kisauni tangu nizaliwe." Niandike "I am living"?

Andika "I have lived in Kisauni since I was born." Kwetu kishazi kikuu hukaa katika wakati uliopo, kwa kuwa bado unaishi. Kiingereza kinataka have ikiwepo since inayotaja mwanzo wa muda. Na ile "nizaliwe", ingawa haina "li", kwa Kiingereza ni ya zamani tu: was born.

"As well as" ni "is" au "are"?

Huhesabu kile cha kwanza tu. "The driver, as well as the passengers, is safe." Ukitaka wahesabiwe wote tumia and. Haihusiani na "vizuri" hapa, ni "pamoja na".

"No sooner" inafuatwa na nini?

Na than, kwa sababu sooner ni ulinganisho: "No sooner had we sat down than the lights went out." Ndugu zake hardly na scarcely hufuatwa na when. Zote tatu ni "hata hatujakaa vizuri, stima ikapotea". Zikikaa mwanzo wa sentensi, had inatangulia mtendaji. Kwa mazungumzo as soon as inatosha.

"In case" si sawa na "if"?

Si sawa. "I will take the umbrella if it rains": nitasubiri kwanza mvua inyeshe. "I will take the umbrella in case it rains": nauchukua sasa hivi, mvua isije ikanikuta njiani. Kila Kiswahili chako kikiwa na "isije ika-" au "asije aka-", shika in case, na kitenzi kinachofuata kibaki katika njeo ya sasa. Mama wa mahamri ndiye aliyenipa mfano ulio bora kuliko wangu. Aliandika: "I fry ten more in case my neighbour's children come."